Sumaku haibadilishi mwanga wa filamu ya nukta za kwanta: tatizo liko wapi?

Maalim_Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninasomesha fizikia kidato cha tano na cha sita katika skuli moja hapa Wete, na nimekuja na masuala ambayo wanafunzi wangu wameyauliza kwa haki yao, nami sitaki kuyajibu kwa kubahatisha.

Fundi mmoja wa televisheni alinipatia filamu ya plastiki aliyoitoa ndani ya televisheni iliyovunjika kioo. Alinieleza kuwa filamu hiyo imebeba nukta za kwanta, yaani chembe za semikondakta (nusu-kipitishi cha umeme) zenye kipenyo cha nanomita chache tu, ambazo hupokea mwanga wa buluu kutoka taa zilizo nyuma ya kioo na kutoa mwanga wa kijani na mwekundu. Nimejionea kwamba ni kweli: mchana filamu ina rangi ya manjano iliyopauka, lakini ukiimulika kwa taa ya buluu katika chumba chenye kiza, upande wa pili hutoka mwanga unaokaribia weupe.

Siku niliyoipeleka darasani, mwanafunzi mmoja alisema amesoma kwamba mwanga wa nukta za kwanta hugawika sehemu mbili nukta zikiwekwa ndani ya uga wa sumaku, na kwamba zile zilizotiwa manganisi huweza kugeuka sumaku kwa kumulikwa tu. Basi tulichukua sumaku ya spika kubwa, tukaisogeza mpaka ikaigusa filamu, tukatazama kwa macho na kwa kamera ya simu. Rangi haikubadilika, wala mwangaza haukupungua au kuongezeka.

Kwanza, ningependa maelezo sahihi, yanayofaa kidato cha sita, ya kwa nini kitu kimoja kinatoa rangi mbalimbali kwa kubadilishwa ukubwa wake peke yake, kwa sababu vitabu tulivyonavyo havigusi jambo hili. Pili, je, alichosoma mwanafunzi wangu si kweli, au sumaku yetu ni dhaifu, au tunatazama pasipostahiki kutazamwa? Nitashukuru nikipata tarakimu, kwani wanafunzi hawa hawaridhiki kuambiwa kuwa athari ni ndogo bila ya kuelezwa ni ndogo kiasi gani.

Mtunguu

Waalaykum salaam Maalim. Nitajibu suala la kwanza, na lile la sumaku nawaachia walio karibu nalo zaidi.

Katika kipande kikubwa cha semikondakta, elektroni zimejaa katika ukanda wa valensi, yaani safu ya chini ya nishati zinazoruhusiwa. Juu ya ukanda huo kuna pengo la nishati ambalo elektroni haiwezi kukaa ndani yake, na juu ya pengo kuna ukanda wa upitishaji. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, yenye nishati inayozidi pengo huinyanyua elektroni hadi ukanda wa juu na kuacha tundu nyuma yake, na tundu hilo huenda na kurudi ndani ya fuwele kama chembe yenye chaji chanya. Elektroni na tundu huvutana, na jozi yao huitwa eksitoni. Elektroni inaporudi tunduni, nishati hutoka ikiwa fotoni, na rangi ya fotoni hiyo huamuliwa na upana wa pengo. Kwa selenidi ya kadimi, ambayo ni semikondakta mojawapo ya nukta hizi, pengo ni elektronivolti (kipimo cha nishati) 1.74; ukigawa 1240 kwa tarakimu hiyo unapata urefu wa wimbi katika nanomita, nao ni karibu 713, yaani wekundu uliokolea hata jicho linakaribia kushindwa kuuona. Kipande kiwe cha gramu moja au cha kilo moja, pengo ni hilo hilo.

Hali hubadilika pale fuwele inapokuwa ndogo kuliko nafasi ambayo eksitoni ingejichukulia kama ingeachwa huru. Ndani ya selenidi ya kadimi, nusukipenyo cha asili cha eksitoni ni kati ya nanomita 5 na 6. Ukitengeneza fuwele yenye nusukipenyo cha nanomita 2, elektroni na tundu vinabanwa, na kwa kanuni za kwanta chembe iliyobanwa haiwezi kutulia kwenye nishati ya sifuri: wimbi lake lazima litoshee baina ya kuta, na kadiri kuta zinavyokaribiana ndivyo wimbi linavyofupika na nishati kupanda. Mpiga kanuni (ala ya nyuzi) wa taarabu anajua kwamba uzi mfupi hutoa sauti ya juu kuliko uzi mrefu, na mfano huo unafaa kufungulia somo, ila wanafunzi waonywe mahali unapokomea. Uzi ukiufupisha kwa nusu, masafa yake huwa mara mbili; chembe yenye masi ikibanwa katika nusu ya nafasi yake, nishati ya kubanwa huwa mara nne, kwa sababu nishati ya mwendo hufuata mraba wa momenta.

Sasa chukua rangi za filamu yako. Mwanga mwekundu wa nanomita 620 una elektronivolti 2.00, na wa kijani wa nanomita 530 una 2.34. Tukichukulia kwamba nukta zako ni za selenidi ya kadimi, kubanwa kumeongeza 0.26 katika nyekundu na 0.60 katika kijani. Uwiano wake ni 2.3, na kipeuo chake cha pili ni 1.5, kwa hiyo makadirio ya kwanza yanasema nukta nyekundu zina kipenyo mara moja na nusu ya kijani. Vipimo halisi hutoa tofauti kubwa zaidi, karibu nanomita 5 kwa nyekundu na nanomita 3 au pungufu kidogo kwa kijani, kwa sababu kuta za fuwele si ngumu kama tunavyozichora ubaoni na kwa sababu mvutano wa elektroni na tundu nao unaingia katika hesabu. Siku hizi filamu nyingi zinatumia fosfidi ya indiamu badala ya kadimi. Pengo lake la asili ni elektronivolti 1.34, sawa na nanomita 925, mwanga ambao jicho halioni kabisa. Kwa nukta za aina hiyo, rangi yote tunayoiona imeletwa na kubanwa.

Jambo hili lilionekana kwanza katika vioo vya rangi. Alexei Ekimov, katika Muungano wa Kisovieti wa zamani, alionesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba rangi ya kioo chenye fuwele za kloridi ya shaba ilifuata ukubwa wa fuwele hizo. Louis Brus wa Marekani aliliona katika chembe zilizoelea ndani ya kimiminika mwaka 1983, na mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wakapata njia ya kuzikuza fuwele zenye ukubwa unaolingana. Watatu hao walitunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Ninaitaja kazi ya Bawendi kwa sababu ukubwa usiolingana huutawanya mwanga: kipenyo kikitofautiana kwa asilimia 5, nishati ya kubanwa hutofautiana kwa asilimia 10, na ukanda wa rangi hupanuka. Nadhani upana huo utarejea katika jibu la suala lako la pili.

Binti_Mbweni

Assalamu alaykum nyote. Mimi ni mwenyeji wa Unguja, na kwa sasa ninasomea shahada ya uzamivu nje ya nchi katika maabara inayopima mwanga wa nanofuwele kwenye baridi kali. Maalim, alichosoma mwanafunzi wako ni kweli, na sumaku yenu ni nzima. Tatizo ni joto la chumba pamoja na upana ambao Mtunguu ameutaja.

Elektroni ina spini, yaani sifa ya kwanta inayoifanya iwe kama sumaku ndogo, na spini iliyo ndani ya uga wa sumaku ina ngazi mbili za nishati. Tofauti ya ngazi hizo hupatikana kwa kuzidisha namba iitwayo g, magnetoni ya Bohr (kipimo cha asili cha usumaku wa elektroni) na nguvu ya uga, ambayo hupimwa kwa tesla. Magnetoni ya Bohr ni milielektronivolti 0.058 kwa kila tesla, na g ya elektroni katika nukta hizi iko kati ya 1 na 2, kwa hiyo tuchukue 1 ili hesabu iwe nyepesi. Sumaku ya spika ya feraiti hutoa karibu tesla 0.1 kwenye uso wake. Jawabu ni milielektronivolti 0.006. Katika mwanga mwekundu wa nanomita 620, mistari miwili itakayozaliwa itaachana kwa nanomita 0.002.

Linganisha hayo na upana wa mwanga wenyewe. Ukanda mwekundu wa filamu kama hii huwa na upana wa nanomita 30 hivi, sawa na milielektronivolti 97. Mnautafuta mgawanyiko ulio sehemu moja kati ya 16,000 ya upana wa kitu kinachogawika. Hata mkipewa sumaku ya maabara ya tesla 10, mgawanyiko utakuwa milielektronivolti 0.6, ambayo bado ni sehemu moja kati ya 160 na zaidi. Juu ya hayo, nishati ya joto la chumba ni milielektronivolti 26, hivyo hata ngazi mbili zikishaachana, eksitoni hujigawa baina yao karibu sawasawa.

Maabara huondoa vizuizi hivyo viwili kwa pamoja. Nukta hupozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi kelvini 4 hivi, ambapo nishati ya joto hushuka hadi milielektronivolti 0.34, na badala ya kutazama mamilioni ya nukta kwa pamoja, hutazamwa nukta moja peke yake chini ya hadubini. Kwa nukta za arsenidi ya indiamu zilizokuzwa ndani ya arsenidi ya galiamu, mstari wa nukta moja unaweza kuwa mwembamba hadi mikroelektronivolti chache. Hapo mgawanyiko huonekana waziwazi, na kila mmoja wa mistari miwili huwa na mwanga unaozunguka, mmoja kwa kulia na mwingine kwa kushoto, jambo linaloutambulisha mgawanyiko huo kuwa wa spini.

Kuna sababu nyingine ambayo napenda wanafunzi waielewe, kwa maana inaonesha kwa nini udogo uleule unaoipa nukta rangi yake unaikinga na sumaku. Uga wa sumaku huilazimisha elektroni kuzunguka, na kipimo cha mzunguko mdogo kabisa unaoruhusiwa na kwanta ni nanomita 26 katika tesla 1, na nanomita 8 katika tesla 10. Katika sumaku ya spika ni karibu nanomita 80. Nukta yenye kipenyo cha nanomita 5 ni ndogo kuliko mizunguko hiyo yote. Elektroni inagonga ukuta kabla sumaku haijaupinda mwendo wake vya kutosha, na hivyo umbo la wimbi lake linaamuliwa na kuta. Linalobaki kwa sumaku kuligusa ni spini.

Na spini ndipo penye utamu wa jambo hili. Katika selenidi ya kadimi, eksitoni yenye nishati ya chini kabisa ina jumla ya mzunguko wa spini ya vipimo 2, ilhali fotoni moja huweza kubeba kipimo 1 tu. Eksitoni hiyo, ambayo huitwa eksitoni ya giza, haina njia nyepesi ya kutoa mwanga. Juu yake, kwa umbali wa milielektronivolti chache, kuna eksitoni inayong'aa. Kwenye joto la chumba zote mbili zinakaliwa, na mwanga hutoka ndani ya nanosekunde 20 hivi. Ukipoza hadi kelvini chache, eksitoni zote hushukia ile ya giza na kukaa humo hadi kufikia mikrosekunde nzima. Mwaka 1995 kundi la Bawendi, wakiwa pamoja na mwananadharia Alexander Efros, walionesha kwamba ukiweka uga mkubwa wa sumaku, muda huo unafupika, kwa kuwa uga huichanganya eksitoni ya giza na ile inayong'aa na kuipa ruhusa kidogo ya kutoa mwanga. Kwa maoni yangu hilo ni thibitisho zuri kuliko mgawanyiko wa mistari: rangi haisogei kiasi cha kuonekana, lakini saa ya kipimo inaona tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona.

Maalim_Wete

Ahsante sana Mtunguu, na ahsante dada yangu Binti Mbweni. Hesabu ya sehemu moja kati ya 16,000 nimeiandika ubaoni leo, na wanafunzi wameifuata hatua kwa hatua mpaka mwisho bila ya kuhitaji msaada wangu. Limebaki la manganisi, nao wamelishikilia. Ikiwa manganisi inazidisha athari ya sumaku, je, filamu yenye nukta zilizotiwa manganisi ingetuonesha mgawanyiko kwa sumaku hii hii ya spika? Na kugeuka sumaku kwa kumulikwa maana yake nini hasa?

Binti_Mbweni

Maalim, jawabu la suala la mwanzo ni hapana, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndipo sifa za mwanga na za sumaku zinapokutana katika nukta moja.

Ioni ya manganisi yenye chaji mbili huchukua nafasi ya kadimi au zinki bila ya kuvuruga hesabu ya chaji, lakini huja na elektroni tano za obiti d, zote zikiwa na spini za upande mmoja, hivyo spini yake kwa jumla ni 5/2. Elektroni na tundu la eksitoni, yakipita juu ya ioni hizo, huingiliana nazo kwa nguvu ya mabadilishano. Nguvu hiyo inatokana na msukumano wa chaji pamoja na kanuni ya Pauli (elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja), wala si mvuto wa sumaku moja kwa nyingine, na ndiyo maana ni kubwa mno kwa umbali mdogo kama huo. Uga wa nje huzipanga ioni za manganisi, na ioni zilizokwisha kupangika huiathiri eksitoni kwa kiasi ambacho uga wa nje peke yake usingekifikia. Ukiipima g ya eksitoni katika hali hiyo, kwa baridi ya kelvini chache, unaikuta imepanda kutoka 1 au 2 hadi mamia.

Sharti ni kwamba ioni zipangike kwanza, na hapo joto linashindana na uga. Kwa tesla 0.1, ngazi jirani za spini ya manganisi zinatofautiana kwa milielektronivolti 0.012 tu. Dhidi ya milielektronivolti 26 za joto la chumba, spini zinaelekea kila upande karibu kwa usawa. Ukishuka hadi kelvini 4, mpangilio unakuwa bora mara 75. Kwa hiyo manganisi inauzidisha uga kwa mamia pale tu ambapo baridi imekwisha kufanya kazi yake, na katika joto la Wete kuzidisha huko kunabaki kudogo mno mbele ya upana wa ukanda.

Kuhusu kugeuka sumaku kwa kumulikwa, kazi anayoikusudia mwanafunzi wako nadhani ni ile ya mwaka 2009 ya kundi la Daniel Gamelin wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, pamoja na washirika wao, juu ya selenidi ya kadimi iliyotiwa manganisi. Hakuna uga wa nje uliowekwa. Fotoni inazalisha eksitoni, na kwa kuwa eksitoni imebanwa katika nafasi ndogo pamoja na ioni za manganisi, spini yake inazishinikiza ioni hizo kwa nguvu kiasi cha kuzipanga. Walipata mpangilio uliokamilika hadi karibu kelvini 50, na dalili za athari hiyo zikaendelea mpaka joto la chumba. Hata hivyo wanafunzi wasidhani kwamba filamu ingevuta pini. Kila nukta inajipanga kwa mwelekeo wake, na mpangilio unategemea eksitoni iliyouzaa, ambayo maisha yake ni mafupi.

Kazi hiyo ilihitaji nukta za ukubwa maalumu, na sababu yake inapendeza. Manganisi ina ngazi yake ya ndani kwenye elektronivolti 2.1 hivi. Pengo la nukta likiwa kubwa kuliko hapo, eksitoni huitupia manganisi nishati yake upesi na kufa, kisha manganisi hutoa mwanga wa rangi ya chungwa, karibu nanomita 590, kwa mwendo wa polepole wa milisekunde, kwa sababu badiliko hilo la spini limekatazwa. Ndivyo inavyokuwa katika salfidi ya zinki yenye manganisi: ukubwa wa nukta ukibadilika, rangi inabaki ile ile ya chungwa, kwa kuwa inatoka ndani ya ioni na si kwenye pengo. Ukitaka eksitoni iishi na kuzipanga spini, ni lazima nukta iwe kubwa kiasi cha pengo lake kuwa chini ya 2.1. Kwa hiyo kuchagua kipenyo ni kuchagua kama manganisi itakuwa taa au itakuwa sumaku.

Mwaka 1994 kulichapishwa dai kwamba udogo wa fuwele za salfidi ya zinki uliufupisha mwanga wa manganisi kutoka milisekunde hadi nanosekunde, na watu wengi walilipokea kwa furaha. Vipimo vya baadaye vilionesha kuwa mwanga wa nanosekunde ulitoka kwenye kasoro za salfidi yenyewe, na ule wa manganisi ulibaki wa milisekunde. Vivyo hivyo nasoma kwa uangalifu madai ya semikondakta zilizo sumaku za kudumu kwenye joto la kawaida, maana chembe kidogo mno za uchafu wa chuma au kobalti zinatosha kuleta ishara hiyo hiyo kwenye kifaa. Kwa bahati mwanga wenyewe unaweza kutoa ushahidi: ukipima jinsi nukta inavyofyonza tofauti mwanga unaozunguka kulia na unaozunguka kushoto ndani ya uga, unapata ishara kwenye rangi ileile ya eksitoni, na uchafu ulio kando hauwezi kuiga hilo kwa urahisi.

Neno la mwisho juu ya manganisi ni ugumu wa kuiingiza. Nukta ya selenidi ya kadimi yenye kipenyo cha nanomita 4 ina atomu 600 hivi za kadimi. Ukitaka asilimia 1 iwe manganisi, hiyo ni wastani wa ioni 6, na kwa kuwa zinaingia kwa bahati, nukta moja itapata 3 na jirani yake 9. Wakati fuwele inakua, manganisi nyingi hushindwa kushika kwenye uso wake na kubaki nje. Hiyo ni sababu moja ya kutokuwapo kwa filamu za namna hiyo madukani, na nyingine ni kwamba televisheni haina haja nazo.

Fundi_Machomanne

Nawasalimu nyote. Mimi ni fundi hapa Chake Chake, na ningependa kuongeza la upande wangu, kwa sababu filamu hizi ninazishika kila mara na naona Maalim anakusudia kuzitumia na vijana.

Filamu hiyo ina matabaka. Nukta ziko katikati, na juu na chini kumewekwa plastiki maalumu ya kuzuia oksijeni na unyevu, kwa sababu hewa ikizifikia zinaungua kidogo kidogo na kuacha kung'aa. Ukiikata kwa mkasi, ukingo uliokatwa hauna kinga. Kwa unyevu na chumvi ya hewa yetu ya Pemba, ukingo huo utapauka, na ukiumulika kwa buluu utaona mstari uliokufa ukiingia ndani pole pole. Kwa hiyo usiikate vipande vidogo vya kugawa kila mwanafunzi. Kama ni lazima kukata, ziba kingo kwa utepe wa alumini siku ile ile, na uweke filamu mahali pakavu.

Pia, huwezi kujua kwa macho kama ndani mna kadimi au fosfidi ya indiamu. Kadimi ni sumu inayokaa mwilini kwa miaka mingi, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kawaida cha asilimia 0.01 ya uzito katika vifaa vya umeme. Filamu nzima, iliyofungika, haina madhara ya kuishika. Hatari ni kuikwangua, kuiyeyusha au kuichoma pamoja na taka, na hilo la kuchoma ndilo ninaloliogopa zaidi, kwani huku kwetu televisheni mbovu nyingi huishia motoni. Baada ya kuitumia, Maalim, ihifadhi skuli, usiitupe.

Na tafadhali msifungue televisheni wenyewe kwa ajili ya kupata taa za buluu. Kapasita za sehemu ya umeme hubaki na chaji baada ya kuchomoa waya, na misururu ya LED ya nyuma ya kioo huweza kuendeshwa kwa volti zinazozidi 100. Tochi ya LED ya buluu inatosha kabisa.

Mtunguu

Ahsante Fundi, hilo la kutochoma litabandikwa kwenye ubao wa maabara yetu pia.

Maalim, kwa kuwa sumaku haitakupa la kuonesha, nakushauri majaribio mawili ambayo filamu hiyo hiyo inayaweza. La kwanza ni la rangi tatu. Imulike kwa LED ya buluu na utapata kijani na nyekundu pamoja. Imulike kwa LED ya kijani na utapata nyekundu peke yake, kwa sababu fotoni ya kijani haina nishati ya kutosha kwa nukta za kijani lakini inawazidi ndugu zao wakubwa. Imulike kwa LED nyekundu na hakuna kitakachong'aa. Wanafunzi wataliona pengo la nishati kwa macho yao. Ili rangi zitengane, itenganishe DVD matabaka yake mawili, chukua kipande cha lile la uwazi, na ukiweke mbele ya kamera ya simu, na filamu uitazame kupitia mwanya mwembamba wa kadi nyeusi. Mistari ya DVD iko umbali wa nanomita 740, hivyo nanomita 530 hutokea kwenye pembe ya digrii 46 na nanomita 620 kwenye digrii 57. Ukiona wekundu umetoka katika mistari myembamba kadhaa badala ya ukanda mmoja, basi wekundu huo ni wa fosfori ya kawaida, yaani unga unaong'aa ukimulikwa, pengine ya manganisi yenye chaji nne ambayo baadhi ya televisheni huitumia, na si wa nukta za kwanta.

La pili ni la joto. Pengo la semikondakta hupungua joto linapopanda, na kwa nukta nyekundu za aina hii mwanga husogea karibu nanomita 0.1 kwa kila digrii moja. Itie filamu katika mfuko mkavu wa plastiki, uilaze juu ya sinia ya chuma iliyowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, uipandishe kwa digrii 40 hivi, na ukanda mwekundu utasogea nanomita 4 na kufifia kidogo, ikipoa, utarudi. Kwa pembe za DVD hiyo, nanomita 4 ni kama sentimita 1 kwenye umbali wa mita 1, ilhali mgawanyiko wa sumaku yenu ya spika ungekuwa mikromita 5 kwa umbali huo huo. Funga mwangaza wa kamera usijirekebishe wenyewe, piga picha kabla na baada, na uzipime zote mbili kwa rula moja kwenye skrini.